Kuwafikisha Kinamama wa Kisomali kwenye Kipimo cha Saratani: Mwongozo Kamili, Kutoka Kikombe cha Chai Hadi Majibu

Barua ninazopata kuhusu kazi hii zinafanana kama pacha. Mwandishi ni muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii kutoka Kenya, Tanzania au Kongo. Anaishi Minneapolis, Columbus, Seattle au London, na mkuu wake wa kazi amemwambia: "Wewe unatoka Afrika Mashariki, nenda kawafundishe Wasomali kuhusu saratani." Amekodi ukumbi, amechapisha vipeperushi, amemleta daktari. Kinamama wamejaa, wamesikiliza kwa adabu, wamemwombea dua ndefu. Baada ya miezi mitatu anaiuliza kliniki ni wangapi waliokuja kupimwa. Wawili. Au hakuna.

Nami nilianza hivyo hivyo hapa Minneapolis, na iliniuma. Niliporudi kuwauliza wale kinamama, hakuna aliyesema hakuelewa. Mmoja alipiga simu kliniki, akaambiwa kwa Kiingereza abonyeze 1, kisha 4, akakata. Mwingine alifika, akamkuta mpiga picha ya matiti ni mwanamume, akageuka na kurudi nyumbani. Wa tatu hakujua avae nini. Elimu waliipata. Njia ya kutoka kwenye kiti cha ukumbi hadi chumba cha kipimo ndiyo iliyokuwa imejaa visiki, na kuving'oa ilikuwa kazi yangu.

Nimeandika kwa kufuata taratibu za Minnesota, jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Mlio Uingereza na kwingine, badilisheni umri na mambo ya malipo. Mengine yatawafaa yalivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujamwalika mtu

- Mwenza wa kike Msomali, anayelipwa. Si mkalimani wa kukodi siku ile. Awe mtu anayejulikana mtaani, aliyekaa nawe kupanga tangu mwanzo.
- Nafasi za miadi zilizotengwa katika kliniki moja, zikiwa na tarehe na saa, ndani ya wiki 2 baada ya kikao.
- Ujumbe wa sauti wa Kisomali usiozidi dakika 2, wa kutuma WhatsApp. Maandishi rasmi ya Kisomali yalianza 1972, na bibi wengi hawakupata shule ya kuyajifunza. Kipeperushi wanampa mjukuu. Sauti wanaisikiliza wenyewe na kuituma kwa dada zao.
- Vifaa halisi vya kushikwa mkononi: kiboksi cha kipimo cha choo (FIT), kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, na kijiti cha kuchukulia sampuli ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi.
- Jibu la swali la pesa. Minnesota kuna mpango wa Sage wa idara ya afya ya jimbo, unaolipia vipimo vya matiti na mlango wa kizazi kwa wanawake wasio na bima au ambao bima yao haitoshi. Majimbo mengine yana mipango ya aina hiyo, chini ya mpango wa taifa ulioanza 1991.
- Usafiri wa siku ya kipimo, na daftari la karatasi.
- Chai ya hiliki na mdalasini, sambusa, halua. Msipike kidogo.

Na namba za kukariri, maana utaulizwa. Kwa Marekani: picha ya matiti kila miaka 2, kuanzia miaka 40 hadi 74. Mlango wa kizazi kuanzia 21 hadi 65: kipimo cha Pap (chembe za mlango wa kizazi huchukuliwa na kukaguliwa) kila miaka 3, au kuanzia 30 kipimo cha HPV kila miaka 5. Utumbo mpana kuanzia 45 hadi 75: FIT kila mwaka, au kolonoskopia, yaani kamera ya kutazama ndani ya utumbo, kila miaka 10 ikiwa safi. England mlango wa kizazi huanza 25 na matiti huanza 50.

## Hatua ya 1: Jua unasema na nani, na kwa lugha gani

Usimwambie mwenza wako "tafsiri hii." Mwulize kwanza kinamama watakaokuja wanasema nini nyumbani. Kuna wanaosema Kisomali cha Maxaatiri. Kuna wanaosema Kimaay, hasa waliotoka kusini kati ya mito, na mkalimani wa Maxaatiri huenda asielewane nao kabisa. Wapo Wabantu wa Kisomali wenye Kizigua, na watu wa Barawa wenye Chimwiini, ambacho msemaji wa Kiswahili anakidaka kwa sikio.

Sasa kuhusu Kiswahili chetu. Wengi wa kinamama hawa walipitia Dadaab au Eastleigh, kwa hiyo wanakijua. Ukifika na "Shikamoo mama, habari za nyumbani?" utadhani umefungua mlango. Ngoja kidogo. Kwa mama aliyekuwa Nairobi Aprili 2014, wakati maelfu ya watu walipokamatwa mitaani na kupelekwa uwanja wa Kasarani, Kiswahili kinaweza kuwa sauti ya askari anayedai kitambulisho. Salimia kwa salamu ya Kiislamu, mwite *eeddo*, yaani shangazi, au *hooyo*, mama, na umwachie yeye aanze Kiswahili. Akikianza kwa tabasamu, jibu kwa furaha.

Umefaulu ukiona: mwenza wako anakukatiza na kukusahihisha mbele ya watu bila woga.

## Hatua ya 2: Itembelee kliniki kabla ya kinamama

Nenda wewe na mwenza wako, miguu kwa miguu, kama wagonjwa. Ingieni mlangoni, simameni mapokezi, hesabuni mna maswali mangapi ya kujibu kwa Kiingereza kabla hamjakaa. Kisha keti na msimamizi, mkubaliane mambo manne.

Kwanza, siku zenu watumishi wote chumbani ni wanawake: mpiga picha, daktari, muuguzi, hata mwanafunzi wa mafunzo. Iandikwe kwenye miadi. Ahadi ya mdomo hufa zamu ikibadilika.

Pili, mkalimani wa bure. Kliniki inayopokea pesa za serikali kuu inawajibika kumtoa chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mtoto asifanywe mkalimani. Na hapa kuna jambo wageni hawalioni: mkalimani wa mtaani anaweza kuwa mke wa shemeji ya mgonjwa, na habari ikafika kwa ukoo kabla ya majibu. Omba mkalimani wa simu aliye jimbo lingine, asiyetajiwa jina la mgonjwa.

Tatu, majina na tarehe. Msomali hana jina la ukoo kwa mtindo wa Ulaya. Ana jina lake, la baba na la babu, na akiolewa habadilishi. Halafu wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa. Unapata kinamama watatu wenye majina yanayofanana na siku moja ya kuzaliwa, na faili zinachanganyika. Kliniki iongeze namba ya simu au jina la mama mzazi. Tena, umri wa kwenye karatasi unaweza kupishana na umri wa kweli. Anayesema kwa utaratibu "mimi ni mkubwa kuliko hiyo karatasi" asikilizwe, na daktari ajulishwe.

Nne, namba moja ya simu inayopokelewa na binadamu.

Onyo: kliniki ikikataa hata moja, tafuta nyingine kabla ya kuita kikao. Mama aliyedhalilishwa mara moja hurudi nyumbani na kuwaambia ishirini, na ana haki.

## Hatua ya 3: Saa na mahali

Jumamosi au Jumapili asubuhi, watoto wakiwa *dugsi*, chuo cha Kurani. Usiguse Ijumaa mchana wala muda unaokaribia Magharibi. Ukumbi wa chini wa jengo wanaloishi, kama yale maghorofa ya mtaa wa Cedar-Riverside hapa Minneapolis, unashinda hoteli nzuri ya mbali. Wanaume wawe na kikao chao siku nyingine, maana utumbo mpana hauchagui. Ukiwachanganya, hakuna upande utakaouliza swali la kweli.

## Hatua ya 4: Kikao

Watu kumi na wawili wanatosha. Arobaini ni mkutano wa hadhara.

Usianze na saratani. Anza na mwenza wako kuwauliza wanafanyaje watu wao wanapougua, hapa na kule nyumbani. Watazungumza. Wengine hawalitaji jina la ugonjwa kwa kuogopa kuuita. Usiwalazimishe, sema "ugonjwa huu". Neno watakalotumia kwa kipimo ni *baaritaan*, na neno hilo hilo hutumika kwa upelelezi na upekuzi. Ndiyo maana mama anajibu, "Mimi siumwi, wananitafutia nini?" Hapo ndipo penye somo lenyewe: kipimo hiki ni cha mtu asiyeumwa. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukua, na mwanzoni haiumi wala haitoi damu. Anayesubiri maumivu anasubiri kuchelewa.

Juu ya kadari na mapenzi ya Mungu, nina neno kwa wenzangu. Nimewaona wahudumu wakiwasomea kinamama hadithi ya kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mungu, tena kwa matamshi ya kubahatisha. Wanaijua tangu utotoni. Ukiwasomea wewe, unawaambia kwamba imani yao ndiyo kikwazo, na kwa kawaida sivyo. Wengi watakuambia kujitunza ni amana. Mwombe sheikh au *ustaada* wao aseme, ama hapo ukumbini au kwa sauti ya dakika moja iliyorekodiwa. Hapa Minnesota watafiti wa chuo kikuu wamefanya kazi ya kutunga ujumbe wa namna hiyo pamoja na maimamu wa Kisomali, na njia hiyo nimeiona ikifungua vinywa.

Kuhusu HPV, nenda taratibu. Ukisema tu kwamba ni kirusi cha zinaa, umewavunjia watu ndoa. Sema kweli yote: karibu kila mtu aliyewahi kuwa na ndoa hukipata wakati fulani, mwili wa wengi hukiondoa wenyewe, na kinaweza kukaa miaka mingi kimya. Kukutwa nacho leo hakumwambii mtu kilitoka kwa nani wala lini.

Umefaulu ukiona: swali la kwanza la aibu limeulizwa, na limejibiwa na mama mwingine kabla yako.

## Hatua ya 5: Onyesha kipimo kimoja kimoja

Hapa usiwe na haraka. Nusu ya muda wa kikao uende hapa.

Picha ya matiti. Sema ukweli kwamba titi linabanwa na linauma kwa sekunde chache, kisha linaachiwa. Kisha zungumzia nguo, jambo ambalo sikuliona hata siku moja kwenye kipeperushi. *Baati* ni gauni la mwili mzima. Mama akienda nalo akaambiwa avue kuanzia kiunoni kwenda juu, hana budi kulivua lote, na hapo ndipo wengi hujikunja. Avae *googarad*, ile sketi ya ndani, pamoja na blauzi, na juu yake hijabu yake. Atavua blauzi tu, atapewa kanzu ya kliniki, na kichwa chake kitabaki kimefunikwa; shela ndefu itasogezwa tu isiingie kwenye picha. Asijipake dawa ya kwapa, poda wala losheni siku hiyo, maana huonekana kwenye picha kama madoa. Uudi aliojifukiza jana hauna neno. Nilipomwomba mwenza wangu asimame mbele akiwa amevaa hivyo na kuonyesha hatua kwa hatua juu ya nguo zake, ukumbi ulinyamaza kwanza, kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Mlango wa kizazi. Kisomali kina maneno zaidi ya moja ya kizazi, *minka* na *ilmo-galeenka*; tumia lile mwenza wako atakalochagua.

Sasa jambo zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Somalia wa 2020 uliwakuta wanawake 99 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na wengi ni kwa ile namna ya Kifirauni ya kushonwa. Kwa mwanamke huyo kifaa cha kufungulia uke, ambacho wauguzi hukiita spekulamu, kinaweza kuwa maumivu makali na kumbukumbu mbaya zaidi ya maumivu. Na kuna kingine wanachokitaja kwa uchungu: uso wa muuguzi anayeona kwa mara ya kwanza, akashtuka, akamwita mwenzake aje atazame.

Mbele ya kundi, taja tu kwamba kuna namna laini kwa kila mwanamke. Mazungumzo yenyewe yawe faraghani, ana kwa ana. Hapo mweleze kwamba anaweza kuomba spekulamu ndogo kabisa, kuikagua kwanza, kuiingiza mwenyewe, na kusema basi wakati wowote. Mwambie pia kwamba aliyefanyiwa jambo hili utotoni hana kosa mbele ya sheria. Hofu hiyo ipo hata isiposemwa. Na daktari aarifiwe kabla, kwa ruhusa yake.

Tena kuna habari njema. Tangu Mei 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeruhusu mwanamke ajichukulie sampuli ya HPV mwenyewe katika kituo cha afya, na 2025 ikaruhusu kifaa cha kutumia nyumbani. Ni kijiti laini, anakiingiza kiasi, anakizungusha kwa sekunde chache, basi. Kipitishe mkononi mwa kila mtu. Onyo: kirusi kikionekana, lazima daktari amkague kwa macho. Lisemwe mapema, lisije kuonekana hila.

Baada ya kipimo cha Pap matone ya damu yanaweza kutoka. Aende na pedi. Atauliza kuhusu swala. Hilo ni la mwalimu wake wa dini kulijibu, na ukiweza mwombe atoe jibu kabla.

Utumbo mpana. Fungua kiboksi cha FIT mezani. Choo kikubwa kidakwe kabla hakijagusa maji, kwa hiyo kuchamba kwa maji kuje baadaye. Weka glavu ndani ya kiboksi wewe mwenyewe. Hakuna chakula cha kuacha. Mwenye hedhi au bawasiri inayotoa damu asubiri. Kosa linalorudisha viboksi vingi ni dogo mno: tarehe ya kuchukua sampuli haikuandikwa. Bandika kijikaratasi cha rangi mahali pa kuandika.

FIT ikionyesha damu, kolonoskopia inafuata, na kiboksi cha pili hakitoshi badala yake. Karatasi ya maandalizi mara nyingi inaruhusu jelatini na supu ya pakiti, na mama akisoma "jelatini", ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, anaifunga karatasi. Mwandikie nyingine: supu ya mbuzi iliyochujwa, chai ya rangi bila maziwa, asali, maji ya tufaha. Vinywaji vyekundu hapana. Mwenye kisukari aulize daktari kuhusu dawa zake. Isipangwe Ramadhani. FIT yenyewe inafanyika Ramadhani bila shida.

Ini. Hakuna aliyekuagiza, lakini uliza: umewahi kupimwa homa ya ini B? Ugonjwa huu umeenea zaidi kwa waliozaliwa Somalia kuliko kwa waliozaliwa Marekani, na unaweza kuleta saratani ya ini kimyakimya. Ni kipimo cha damu, na tangu 2023 kinapendekezwa Marekani kwa kila mtu mzima, walau mara moja maishani.

## Hatua ya 6: Weka miadi kabla chai haijaisha

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Mtumishi wa kliniki akae ukumbini na kompyuta yake. Mama akisema "insha'Allah nitakwenda," mwenza wako aseme, "Insha'Allah, Jumanne au Alhamisi?" Aandikwe hapo hapo. Waandike marafiki wawili wawili, saa zinazofuatana, teksi moja. Wanaotaka kwanza kuzungumza na mume au binti, wape ujumbe wa sauti wa kumpelekea, na siku ya kumpigia.

Umefaulu ukiona: zaidi ya nusu ya wenye umri wa kupimwa wameondoka na tarehe. Chini ya hapo, rudi hatua ya 2. Usiongeze vipeperushi.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Sauti ya kukumbusha jana yake jioni. Mwenza wako awe mapokezi, si kwenye simu. Aliyekuja kufanyiwa kolonoskopia awe na mtu mzima wa kumrudisha, kwa sababu ya dawa ya usingizi.

## Hatua ya 8: Majibu

Kazi nyingi nzuri imeharibikia hapa. Marekani majibu huingia kwenye simu ya mgonjwa yakiwa tayari, kwa Kiingereza, mara nyingi kabla daktari hajapiga. Anayeyasoma ni mwanawe wa miaka 15, jikoni.

Kwa hiyo mwambie mapema mambo mawili. La kwanza: katika wanawake 100 waliopigwa picha ya matiti, kama 10 huitwa tena, na katika walioitwa tena wenye saratani hawafiki 1 kati ya 10. Kuitwa ni kutazama vizuri. La pili: tangu Septemba 2024 barua ya majibu lazima iseme kama tishu ya matiti ni nzito. Karibu nusu ya wanawake waliopita miaka 40 wanayo. Si uvimbe. Mama mmoja alikaa siku nne bila kula kwa sababu ya neno hilo; binti yake alikuwa amelitafsiri kwa kamusi.

Mpeni kila mama siku ambayo mwenza wako atapiga simu, iwe majibu ni mazuri au la. Akipigiwa tu mambo yakiwa mabaya, simu yenyewe itakuwa kitisho na hatapokea. Aliyeitwa tena asindikizwe, miadi yake ibebwe na mtu mwenye jina kwenye lile daftari la karatasi, na mstari wake usifungwe mpaka jibu la mwisho lifike.

Safu ya mwisho ya daftari langu ina kichwa "amemleta nani". Mwaka wa kwanza ilibaki tupu. Sasa huijaza mwenza wangu, na mara nyingi anachoandika ni neno moja: *walaasheed*, dada yake.